Kisu kidogo cha mfukoni ni cha kukata tu: uzi wa kazi zake za kila siku hapa Goma

Fundi wa Majengo (mleta uzi)

Heshima kwenu wazee wetu, na salamu kwenu kaka na dada. Ninafungua uzi huu ili tuzungumzie kisu kidogo cha kukunja, kile kinachokaa mfukoni pamoja na funguo, na kazi kinazoweza kutufanyia kwa siku nzima katika mji kama wetu. Nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba visu hivyo ni vya kuchezea, kwamba vinalegea baada ya muda mfupi na ncha zake zinavunjika. Wanasema kweli, ila ukikichunguza kisu kilichovunjika utakuta karibu kila mara kwamba hakikuvunjika kikikata. Kilivunjika kikibandua kifuniko cha ndoo ya rangi, kikikaza skrubu, kikitoboa bati au kikichokoa msumari kwenye ubao. Msimamo wangu ni kwamba kisu cha mfukoni ni cha kukata tu, na mwenye kukiachia kazi hiyo moja atashangaa kuona jinsi siku yake ilivyojaa mambo ya kukatwa.

Ninaposema kisu kidogo ninamaanisha chenye bapa la sentimita 6 hadi 8, jembamba, lenye makali yaliyonyooka. Makali yenye meno kama ya msumeno hukata kamba vizuri yakiwa mapya, lakini hayanoleki kwenye kinoo cha kawaida, na ukiyapeleka kwenye nyanya au embe yanachana badala ya kukata.

Tuanze na mizigo, kwa kuwa Goma ni mji wa mizigo. Kuanzia chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinazoshuka na magunia ya viazi hadi pikipiki na boti za kwenda Bukavu, kinachoshikilia mzigo mara nyingi ni ukanda uliokatwa kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Wengi huukata kwa wembe, wakaishia na ukanda wenye upana unaopandashuka na kidole kilichofungwa kitambaa. Namna iliyo salama zaidi ni hii: uondoe kwanza sehemu yenye vali, kisha uukate mpira kwa kuzunguka, kama unavyomenya chungwa bila kukatisha ganda, ukilinda upana wa vidole viwili tangu mwanzo hadi mwisho. Lichovye bapa katika maji ya sabuni kila baada ya kitambo kidogo, kwa maana mpira mkavu hukikamata kisu na kukulazimisha utumie nguvu, na nguvu ndiyo inayokata vidole. Mtu wa pili auvute mpira kidogo ili usijikunje, naye asimame pembeni, wala si mbele ya ncha. Ukimaliza, pitisha macho kwenye kingo zote mbili. Pale ulipoacha kijino, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, ndipo ukanda utakapochanikia siku utakapofungia mzigo mzito, na kwa hiyo kijino hicho kinapaswa kulainishwa kwa mkato wa mviringo kabla ukanda haujatumika.

Magunia ya unga na ya mchele nayo yana adabu yake. Mshono wa mashine unaofunga mdomo wa gunia ni wa mnyororo, na ukikata uzi upande ule ambako mshono ulimalizikia, uzi wote hufunguka kwa mvuto mmoja na gunia linabaki zima. Anayelichana gunia katikati anapoteza gunia, na sote tunajua kwamba gunia tupu lina mnunuzi wake.

Kuhusu nyaya za umeme nitasema kwa ufupi: ukishazima umeme na kuhakikisha kwamba umezimika, laza kisu karibu sambamba na waya, uchonge plastiki kama mtu achongaye penseli, bila kuuzungushia makali. Anayezungusha makali huacha alama kwenye shaba, na shaba yenye alama hukatika baadaye ndani ya soketi, mahali ambapo hakuna anayeona. Mpini wa kisu, hata ukiwa wa mbao au plastiki, usihesabiwe kuwa kinga ya umeme.

Bado sijataja kukata sabuni ya mche, kufungua vifurushi vilivyozungushiwa skochi, yaani utepe wa gundi, kupunguza shitingi, lile turubai la plastiki, iliyozidi kwenye banda, kuchonga kabari ya mlango unaogonga usiku, na kukata jibini ya Masisi safarini, ambayo hukatika vizuri kwa bapa jembamba lililoloweshwa kidogo, ukianzia katikati ya mviringo kuelekea ukingoni. Nawakaribisha muongeze, na mnipinge pale mnapoona ninakosea.

Mama wa Soko la Virunga

Kaka Fundi, asante kwa maelezo. Mimi nauza mboga na matunda, na nitasema wazi kwamba kwa miaka mingi nimefanya kazi kwa wembe na kisu cha jikoni bila kuhisi pengo lolote. Wembe unapatikana kila kibanda, hauhitaji kunolewa, na ukichoka unatupwa. Kisu cha jikoni nacho ni kirefu cha kutosha kukata kabichi kwa mkato mmoja. Je, hicho kidogo kinanipa nini ambacho hivyo viwili havinipi? Tena nina wasiwasi wa usafi, kwa sababu naona vijana wakikatia kamba iliyoburuzwa chini, wakakifuta kisu kwenye suruali, na dakika hiyo hiyo wakamenyea nanasi la mteja.

Fundi wa Majengo (mleta uzi)

Mama yangu, kwenye kabichi umenishinda na sina la kujibu. Kisu cha sentimita 7 kwenye kabichi kubwa ni kujitesa, na mwenye kisu cha jikoni karibu asikiache.

Kuhusu wembe nina neno. Wembe ni mkali kuliko kisu chochote nitakachonoa mimi, lakini hauna mgongo wa kuegemeza kidole wala mpini wa kushika, na ukikutana na kitu kigumu unapinda au unakatika kipande ambacho huoni kilikorukia. Kwenye uzi wa nguo na kucha ni sawa. Kwenye matembele, miwa, kamba ya katani au shina la lenga-lenga, yaani mchicha, lililokomaa, mkono unachoka haraka kwa sababu unabana kitu chembamba mno. Halafu liko suala la mahali wembe unapoishia. Kisu kinakunjwa na kurudi mfukoni, lakini wembe uliochoka hutupwa uwanjani ambako watoto wanatembea peku.

Kwa usafi uko sahihi kabisa, na kukifuta kisu kwenye suruali hakukisafishi. Kisu cha kukunja kina kasoro ambayo kisu cha jikoni hakina, nayo ni ile nafasi ndani ya mpini ambamo bapa hulala. Utomvu wa nanasi, magamba ya samaki na vumbi hujikusanya humo, na kila unapokikunja kisu unairudisha ile taka kwenye makali. Kwa hiyo anayekitumia kwa chakula akioshe kwa maji ya moto na sabuni, ndani ya mpini pia, na kama ana uwezo awe na viwili: kimoja cha kazi, kingine cha chakula. Na samaki mbichi asishughulikiwe kwa kisu kinachosubiri tunda, hata kama kimefutwa vizuri kiasi gani.

Mwalimu wa Katindo

Naomba niongeze kidogo upande wa historia, kwa kuwa vijana wengi hudhani kwamba kisu cha mfukoni kilianza na kile chekundu cha Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884, akawapelekea wanajeshi wa Uswisi visu vya kwanza mwaka 1891, na kile kisu cha afisa ambacho sasa kinajulikana duniani kote kilisajiliwa tarehe 12 Juni 1897. Kabla ya kisu hicho cha afisa, mwaka 1890, Joseph Opinel wa Savoie nchini Ufaransa alikuwa amekwisha kuunda kisu chake cha mpini wa mbao, na mwaka 1955 kikaongezewa pete ya chuma inayozungushwa shingoni ili bapa lisijikunje lenyewe. Opinel namba 8, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi, ina bapa la sentimita 8.5, kwa hiyo inavuka kidogo kipimo cha Fundi.

Kwa bara letu, viwili vinastahili kutajwa. Douk-Douk, kinachotengenezwa Thiers nchini Ufaransa tangu mwaka 1929, kilienea sana katika makoloni ya Kifaransa. Mpini wake ni bati lililokunjwa, hakina kifunga cha kuzuia bapa lisijikunje, lakini springi yake ni ngumu kwelikweli. Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika, na leo kinatengenezwa Afrika Kusini. Kinabeba jina la mnyama wa msitu wetu wa Ituri, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemwandika kwenye vitabu vyao mwaka mmoja tu kabla ya hapo, na mpaka leo mnyama mwenyewe hajalipwa chochote.

Ninachotaka kumwongezea Fundi ni swali la kifunga. Kisu cha Uswisi kilicho kidogo hakifungi bapa; linashikiliwa na springi peke yake. Ukikata kwa kuvuta, hakuna tatizo lolote. Ukichoma kwa ncha, bapa linaweza kurudi na kuangukia vidole. Hilo peke yake linatosha kutuonyesha kwamba waliokiunda walifikiria kukata, na hawakufikiria kuchoma.

Mkulima wa Masisi

Nawasalimu wote. Mimi nataka tuzungumzie shamba, kwa sababu huko ndiko kisu kidogo kinakofanya kazi ambayo panga haliwezi, na ndiko pia kinakoweza kuleta hasara ambayo mwenye kisu haioni.

Kazi nzuri kwanza. Unapopandikiza parachichi, mkato wa kikonyo, yaani kile kijiti kinachopachikwa kwenye mche, lazima uwe laini na ulionyooka pande zote mbili, kabari yenye urefu wa sentimita 3 hivi, iliyochongwa kwa mvuto mmoja kila upande. Ukichonga kwa kurudiarudia unapata mawimbi, na kwenye mawimbi gome la kikonyo haligusani na gome la mche, basi kikonyo kinakauka. Panga haliwezi hilo, na wembe unapinda. Kisu kidogo chenye bapa jembamba kilichonolewa asubuhi hiyo ndicho kinachofaa, na kitambaa chenye alkoli kipitishwe kwenye makali kabla ya kuhamia mti mwingine. Kwa vipando vya mihogo, vile vya sentimita 20 hadi 25, panga linatosha kwa anayejaza shamba, lakini ukiwa na shina la mbegu chache unayotaka kuitunza, mkato safi wa kisu hauchani gome wala hauvunji vichipukizi.

Sasa hasara. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana hapa kwetu Masisi mwaka 2001, na tangu hapo umeangamiza mashamba mengi ya ndizi katika Kivu. Ugonjwa huo husafirishwa na wadudu wanaotembelea maua, lakini husafirishwa pia na chuma. Mtu anakata jani la kufungia kitu kwenye mgomba unaoumwa, anakunja kisu, anapita shamba la jirani, anakata jani jingine, na tayari amepanda ugonjwa. Mgomba wenyewe unaweza kuonekana mzima siku hiyo. Ndiyo maana tunafundishwa kuondoa moyo wa mgomba, yaani lile ua dume, kwa kuuvunja na kijiti chenye panda bila kuugusa kwa kisu wala panga, na kusafisha chuma kila kinapotoka kwenye shina moja kwenda jingine. Kisu chako cha mfukoni kihesabiwe katika chuma hicho, tena kinatisha zaidi kuliko panga, kwa kuwa panga hubaki shambani na kisu hutembea na mwenyewe.

Swali langu kwa Fundi ni hili: wanatuambia tupitishe chuma kwenye moto au tukichovye katika maji ya jiki. Je, moto hauharibu kisu?

Fundi wa Majengo (mleta uzi)

Mzee wangu, asante sana kwa maneno hayo, na swali lako linagusa kosa ambalo mafundi wengi wanalifanya.

Chuma cha kisu kilipewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa moto mkali, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa kiasi. Ukikirudisha kwenye moto hadi kikabadilika rangi, ugumu ule unaondoka. Rangi ya bluu kwenye chuma cha kaboni inakuambia kwamba kimefika karibu nyuzi 300, na hapo makali hayatadumu tena hata ukiyanoa kila siku. Lakini kwa mnyauko huhitaji kufika huko. Inatosha kupitisha bapa kwenye moto hadi liwe la moto kiasi kwamba huwezi kuligusa, nawe ulitoe hapo hapo kabla halijabadilika rangi. Ukipendelea jiki, kipimo kinachotumika ni sehemu moja ya jiki kwa tano za maji. Ila jiki hula chuma, kwa hiyo kisu kisuuzwe kwa maji safi, kikaushwe na kupakwa mafuta kidogo siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo ninawasihi wanaochoma ncha za kamba ya nailoni wasipashe kisu moto kwenye makaa ili kukatia. Kata kamba kwa kisu baridi, kisha uipeleke ncha yenyewe ya kamba kwenye kiberiti. Na wale wanaowapelekea visu vyao mafundi wa mashine ya kusagia chuma, ile inayotoa cheche, wajue kwamba makali membamba hupata moto kwa sekunde chache tu. Ukiona mstari wa bluu kwenye ncha baada ya kulipia, umelipa ili uharibiwe kisu.

Kijana wa Himbi

Kaka Fundi, shikamoo. Nina kisu ambacho nilipewa na baba mdogo, kimekuwa butu hata hakikati karatasi. Hapa nyumbani tumezungukwa na mawe ya volkano, nimejaribu kukinoa kwenye jiwe la ukuta na kimezidi kuwa kibaya. Kuna namna ya kunoa bila kununua vifaa vya gharama?

Fundi wa Majengo (mleta uzi)

Marahaba, mdogo wangu. Jiwe la volkano yetu ya Nyiragongo tulijengee nyumba na uzio, lakini tusilinolee. Lava ilipokuwa ikipoa ilijaa mapovu ya gesi, na ndiyo maana ukilitazama kwa karibu unaona matundu kila mahali. Makali yakipita juu ya tundu yanashuka na kugonga ukingo wa pili, hivyo kila mvuto unang'oa kipande kidogo cha makali uliyotaka kuyatengeneza. Kinachohitajika ni uso ulionyooka wenye chembe zinazolingana.

Sokoni kuna vinoo vya pande mbili, upande mmoja wa chembe kubwa na mwingine wa chembe ndogo, navyo vinatosha kabisa. Ukikosa hata hicho, nenda kwa mafundi wanaopaka rangi magari, uombe au ununue msasa wa maji, karatasi moja ya namba 400 na nyingine ya 1000. Zilaze juu ya kipande cha kioo au kigae kilichonyooka, uzipige maji, na hapo una kinoo kizuri kuliko vingi vinavyouzwa. Kikombe cha udongo wa kaure nacho kina pete chini yake isiyo na mng'ao, ile inayokaa mezani. Pete hiyo ni ngumu kuliko chuma cha kisu na inafaa kumalizia.

Sasa pembe. Wengi wanaharibu hapa kwa kusimamisha kisu sana, kwa kuwa ukikisimamisha unasikia kinakwaruza na unadhani kazi inaendelea. Pembe ya nyuzi 20 kila upande inafaa kwa kazi zetu zote. Kama bapa lina upana wa milimita 15 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, basi mgongo uinuliwe karibu milimita 5 kutoka kwenye jiwe. Tafuta kitu chenye kimo hicho, ukiweke kando, uwe unalinganisha kwa macho kila baada ya mivuto michache. Baada ya muda mkono unashika pembe wenyewe.

Anza na upande wa chembe kubwa. Sukuma kisu makali yakitangulia, kana kwamba unataka kukwangua tabaka jembamba la jiwe, kuanzia kwenye shina la bapa hadi kwenye ncha, na pale bapa linapopinda kuelekea ncha uinue mpini kidogo ili pembe isipotee. Noa upande mmoja tu kwanza. Ukifika mahali pake, ukingo wa upande wa pili utakuwa na kijinywele cha chuma kilichokunjikia huko. Hukioni kwa urahisi, lakini ukipitisha ukucha kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa urefu wa makali, utausikia unakwama. Kijinywele hicho ndicho ushahidi kwamba umefika ukingoni, na kabla hujakipata kwa urefu wote, toka shina hadi ncha, hakuna sababu ya kugeuza. Ukikipata, geuza na unoe upande wa pili hadi kirudi upande wa kwanza. Kisha hamia kwenye chembe ndogo, mivuto myepesi, ukibadilisha upande kila mvuto, mpaka kijinywele kiishe. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia na makali yakifuata, vinginevyo utaukata mkanda.

Kipimo changu cha mwisho ni nyanya iliyoiva. Karatasi inaweza kukudanganya, kwa kuwa hata makali yenye kijinywele huikata. Nyanya ngozi yake inateleza, na kisu ambacho hakijaiva kinaibonyeza kabla ya kuikata. Kikiingia kwa uzito wake wenyewe, kunja na uende kazini.

Neno moja la nyongeza kuhusu maboksi: katoni ni adui mkubwa wa makali kuliko kamba na mbao laini. Mwenye duka anayefungua maboksi kutwa asitarajie kisu kile kile kimpandikizie parachichi jioni.

Dada Nesi wa Keshero

Naomba nizungumzie majeraha, kwa kuwa ndiyo yanayotufikia. Tunapokea watu waliokatwa na visu butu zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kisu butu hulazimishwa, na kinachoteleza kikiwa na nguvu nyuma yake huingia ndani. Parachichi lina mchango wake: mtu analishika kiganjani na kuichoma mbegu kwa ncha ili aitoe, ncha inateleza au inapita, na kiganja kinabaki na jeraha lenye kina. Lilaze tunda mezani, ulikate kwa kulizungusha, ulifungue kwa mikono miwili, na mbegu itoke kwa kijiko.

Ukijikata, osha kwa maji safi na sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia kwa dakika 10, na usifungue kila mara kuchungulia. Kama kidole hakikunjiki au hakikunjuki vizuri, au ncha yake imekufa ganzi, usisubiri hadi kesho, kwa sababu huenda mshipa wa kuvuta kidole au wa fahamu umekatwa, na hilo halijitengenezi lenyewe nyumbani. Tena naomba tuache imani kwamba pepopunda huletwa na kutu. Huletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na samadi, kwa hiyo kisu kinachong'aa kilichotoka kukata mboga shambani kinaweza kuwa na hatari kuliko kilichoota kutu kabatini. Kinga yake ni chanjo, na mtu mzima anayefanya kazi za mikono aulize chanjo yake ya mwisho ilikuwa lini.

Mzee wa Birere

Watoto wangu, mmeeleza vizuri sana, lakini hakuna aliyegusa suala la kutembea nacho. Katika mji ambao umepitia mengi kama wetu, kijana mwenye kisu mfukoni hatazamwi kama fundi mwenye kifaa. Fundi ametaja sentimita 6 hadi 8 kwa sababu za kazi. Mimi ninaziunga mkono kwa sababu za amani. Kisu kifupi, cha mpini wa mbao au wenye rangi ya wazi, kinachofunguliwa kwa mikono miwili, hakimshtui mtu. Kile cheusi kirefu kinachoruka kwa kubonyeza kitufe kitakuletea maswali, na maswali hayo utakuwa umeyanunua kwa fedha zako.

Uendako kanisani au msikitini, benki, ofisini kwa wakubwa, uwanjani kwenye mpira au kwenye msiba, kiache nyumbani. Ukisafiri kwa ndege, kiwe ndani ya mzigo unaokwenda chini, wala si kwenye mkoba wa mkononi, la sivyo utakiacha mezani kwa wakaguzi. Ukikutana na watu wanaokagua njiani, taja kwamba unacho kabla mkono wao haujakifikia, useme ni cha kazi gani, na usiingize mkono mfukoni kukitoa wewe mwenyewe mpaka uambiwe. Na unapomwazima mwenzako, mpe kikiwa kimekunjwa, nawe ukirudishiwa kikiwa wazi, umwambie akikunje kwanza.

Mama wa Soko la Virunga

Baba, umesema. Na mimi nakubali sasa kwamba kwenye matembele na kamba kisu kidogo kina nafasi yake, ijapokuwa kabichi inabaki na kisu changu kirefu. Nina swali la mwisho kwa Fundi: mwanangu anacho kimoja kilichokuwa cha marehemu baba yake, mchanga umeingia kwenye kikunjo na hakifunguki tena isipokuwa kwa koleo. Alitaka kukitia mawese ili kilegee. Afanye hivyo?

Fundi wa Majengo (mleta uzi)

Hapana, mama yangu, asikitie mawese wala mafuta yoyote ya kupikia. Mafuta ya kula huganda na kunata baada ya siku kadhaa, na yanashika mchanga zaidi kuliko mwanzo. Wala asitumie tena koleo kwenye bapa, kwa kuwa linapindisha na kuacha majeraha kwenye chuma.

Kama mpini si wa mbao, akiloweke katika maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa. Kama ni wa mbao, asikiloweke, maana mbao hufura na kukibana kisu zaidi. Badala yake adondoshe matone ya mafuta ya taa kwenye kikunjo, akiache usiku kucha kikiwa kimesimama, kikunjo kikiwa chini. Kesho yake akifungue polepole kwa kucha, akikunje, akifungue tena, na kila mara afute uchafu mweusi utakaotoka, huku akichokoa ndani ya mpini kwa kijiti cha mwanzi, si kwa sindano ya chuma. Kikishalegea, akioshe kwa sabuni, akikaushe vizuri juani, kisha atie tone moja tu la mafuta ya cherehani kwenye kikunjo na kufuta yanayozidi. Kama bado kinakwama baada ya hapo, basi huenda msumari wa kikunjo umepinda, na akilete Majengo tukiangalie.